Jukwaa la Kwaya Lililoinama Kwenye Simu

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane. Pale Kibamba, kwenye njia ya vumbi inayoelekea kanisani kwetu, kuna kijiwe cha bodaboda, na nikipita pale vijana hawanisalimii kwa mdomo. Wanainama. Wote kwa pamoja, upande wa kushoto, taratibu, kama migomba iliyozidiwa na ndizi, halafu wanarudi juu, halafu wanainama tena, na mmoja wao anasindikiza kwa sauti ya chuma kinacholia, krrrr. Mie hutabasamu na kuongeza mwendo. Ningefanyaje? Ule mwinamo niliutengeneza mwenyewe, kwenye kompyuta yangu, na nikauachia utoke nje ya nyumba bila maelezo.

Jina langu Atuganile, nyumbani wananiita Atu. Nafanya kazi kwenye steshenari: natoa fotokopi, nachapa barua za watu za kuomba kazi, napiga picha za pasipoti. Chuo cha uhandisi sikwenda (hesabu ilinitupa kwenye mtihani wa kidato cha sita, na kilichonitupa hasa ni wasiwasi, maana nilifuta jibu sahihi nikaandika tena, nikafuta, mpaka karatasi ikatoboka, hilo tuliache). Lakini kuna kitu kilinishika tangu nilipokutana nacho kwenye video, nikiwa natafuta mambo mengine kabisa, nacho ni ile kazi ya kukipima kitu kwenye kompyuta kabla watu hawajakipanda. Unakichora, unaiambia kompyuta kimetengenezwa kwa chuma gani, unakitwisha mzigo, kisha yenyewe inakikatakata vipande vidogo vidogo, maelfu, na kupiga hesabu ya jinsi kila kipande kinavyomsukuma jirani yake. Mwisho inakupaka rangi. Bluu ni pale chuma kilipopumzika, nyekundu ni pale kinapobeba mkazo mkubwa kuliko kwingine. Programu yenyewe ni ya bure, na mwalimu wangu alikuwa bando la jioni na kichwa kigumu. Nilirudia somo moja mpaka nikawa namwigiza mtu wa kwenye video anavyokohoa.

Nina ugonjwa mmoja ambao mtauona ukifanya kazi yake hapa mbele: siwezi kuacha kitu kikiwa kizuri tu. Ujumbe wa "nimefika salama" nausoma mara tatu kabla sijautuma. Stuli ya jikoni kwetu nimeipima kwenye kompyuta mara nyingi kuliko ilivyokaliwa.

Mama yangu, ambaye anauza vitenge na ni nguzo ya sauti ya pili kwenye kwaya, alikuwa haelewi.

"Atu, hiyo michezo itaisha lini?"

"Si mchezo, mama. Huu ni uchambuzi."

"Haya, mchambuzi, sinia la mchele liko pale."

Basi kwaya ikawa inajiandaa kuzindua video ya nyimbo zake, na Mwalimu Mbwambo, ambaye anafundisha shule ya msingi siku za kazi na kutunyoosha sauti siku zilizobaki, akasema safari hii hataki waimbaji wafupi wazibwe na warefu, linahitajika jukwaa la ngazi tatu. Kazi ikaenda kwa Fundi Sefu, mchomeleaji wa pale barabarani, mtu wa Kisarawe, mcheshi, anayefunga kazi kila adhana ya swala ya adhuhuri na kurudi na kashata. Kila mtu kwetu ana geti la Fundi Sefu au anamfahamu mwenye nalo. Ila jukwaa lilikuwa mlango tu. Kuta za kanisa letu jipya zimefika kwenye linta na kamati ya ujenzi ilikuwa inatafuta fundi wa kenchi za chuma za paa zima, na Mwalimu Mbwambo ndiye katibu wa kamati hiyo, na alishasema wazi kwamba anayelipatia jukwaa, kenchi ni zake. Fundi Sefu alikuwa anazitaka zile kenchi kwa namna ambayo hata mie niliiona machoni mwake nilipokwenda karakanani kwake na futi.

"Shikamoo fundi. Naomba kulipima jukwaa."

"Marahaba. Pima, binti, pima. Likipungua nusu inchi niite Sefu bila ufundi."

Nikapima kila kitu. Nikalichora. Nikawapandisha waimbaji wote kwa kadirio la uzito (mama alinitajia wa wenzake kwa ukarimu na wake kwa ubahili), na kwa kuwa kwaya yetu haiimbi ikiwa imesimama kama milingoti, nikaongeza ule mwendo wao wa kushoto na kulia, wakikanyaga wote kwa pamoja. Majibu yakaja mazuri mno. Fundi Sefu alikuwa amejenga kitu cha kubebea ng'ombe. Waimbaji wote wakikanyaga kushoto kwa nguvu, jukwaa lingesogea unene wa sarafu moja ya shilingi mia mbili iliyolala. Halafu linarudi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia. Sarafu iliyolala huwezi kuiona kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo programu, kwa hisani yake, bila kuulizwa, inaukuza ule msogeo ili jicho lilione umbo lake, na yangu iliukuza mara mia mbili. Nilijua. Kila anayefanya kazi hii anajua, kama unavyojua kwamba mbu aliyechorwa ukutani zahanati hana ukubwa wa kuku. Nikabonyeza icheze. Jukwaa likainama kushoto kama mlevi anayemtafuta rafiki yake, miguu ikapinda, viungo vikawaka nyekundu, likarudi, likainama tena. Lilikuwa zuri! Naapa lilikuwa zuri. Nikafikiri: leo mama ataelewa. Nikamtumia ile video Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kavu, bila neno, kwa sababu maelezo nilitaka kuyaandika vizuri kwanza.

Huo ndio uamuzi wangu mdogo. Maelezo baadaye.

Mama aliiona, akajawa na fahari (hili ndilo linaloniuma kuliko yote, ile siku hatimaye alijawa na fahari), akaituma kwenye kundi la kwaya akiandika chini yake: "Kazi ya Atu wangu. Jukwaa letu la Jumapili. Mbarikiwe."

Zikapita dakika chache. Kisha:

"Mungu wangu!"

"Hili ndilo tunalopanda?"

"Ile nyekundu ni damu?"

"Wapendwa, huyu binti tangu mdogo haongei ovyo. Tusipuuze maono."

"Mie Jumapili naimbia chini, hata mbele ya mgeni rasmi."

Na mzee mmoja wa besi, ambaye mwaka mzima hajawahi kuandika kitu kwenye lile kundi, akaandika: "Bwana amesema nasi."

Mama akanipigia. "Atu, umeona walivyoipokea? Mbona wanaomba toba?" Nikalifungua lile kundi, nikasoma kuanzia juu. Mwalimu Mbwambo alikuwa ameshaandika kwamba watu watulie, Atu atatoa ufafanuzi. Mtu mwenye akili timamu angeandika: jukwaa ni salama, picha imekuzwa, samahanini. Maneno sita tu! Mie niliandika: "Nitatoa ufafanuzi kamili." Hebu jiwekeni kwenye nafasi yao. Mnaonyeshwa kitu chenu kikianguka, halafu aliyekionyesha anaahidi tamko kama la wizara.

Nikakaa kuandika. Nikaanza na maana ya mkazo. Nikaona huwezi kueleza mkazo kabla ya kueleza mzigo. Nikaeleza mzigo. Nikaona neno "salama" ni la kizembe, maana salama kwa uzito gani, kwa mwendo gani, na wakiongezeka wageni je? Mama alinisimamia mgongoni.

"Andika kwamba ni zima."

"Neno zima halitoshi, mama."

"Kwangu linatosha. Mtu akiniuliza kama mie ni mzima namwambia mzima, simpi vipimo vya damu."

Sikumsikiliza. Kufika Jumamosi mchana nilikuwa na kurasa nne, michoro miwili, na nilikuwa bado nabishana na nafsi yangu juu ya kichwa cha habari. Na ile video ilikuwa imeshatoka kwenye kwaya, imeingia kundi la jumuiya, la wazazi wa shule na la kijiwe cha bodaboda, na huko ilikuwa haina tena jina la mama wala la kwaya, ilikuwa na maandishi tu: "Kazi za Fundi Sefu hizi, kuweni makini."

Alikuja mwenyewe steshenari. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja anasubiri fotokopi ya kitambulisho. Fundi Sefu akasimama mlangoni, hakuingia, simu mkononi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba." Akaninyooshea ile simu. "Binti, mie nimekukosea nini?"

Mashine ya fotokopi ikaendelea kutoa nakala za yule bwana, moja, nyingine, nyingine, hakuna aliyeizima.

"Fundi, jukwaa lako halina tatizo lolote. Wameielewa vibaya ile picha."

"Sasa mbona husemi?"

"Naandika. Nataka liwe kamili, mtu asibaki na swali."

"Mwalimu kanipigia leo. Kasema habari za kenchi tuziweke pembeni kwanza. Pembeni, unaijua wewe? Kuna mama aliagiza geti, kaja kulitikisa kwanza, kalitikisa na mtoto wake, wamelishika huku na huku." Akacheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa na raha. "Mageti yangu yako mpaka Chanika, binti. Lakini geti mtu analifungua anapita, hana habari nalo. Paa la nyumba ya ibada watu wanainua macho. Nilitaka na mie siku moja watu wainue macho. Dini yao, dini yetu, macho ni yale yale."

Akaondoka. Yule bwana wa kitambulisho akaniuliza nakala zote hizo ni za nini. Nikaizima mashine. Hapo ndipo nilipoacha kuogopa na kuanza kukasirika, na niliyemkasirikia ni mie mwenyewe. Kazi ilikuwa inamfia yule mtu mkononi kwa sababu ya sentensi moja niliyokuwa nimeikalia. Nikaapa kwamba Jumapili sitoki pale uwanjani mpaka kwaya nzima imepanda lile jukwaa mbele ya kamati.

(Kwa nini sikuituma ile sentensi pale pale? Niliituma. Niliituma Jumamosi jioni, na kwenye lile kundi ikazama kati ya picha za sare na ujumbe wa mtu aliyeota nyoka. Ilishachelewa.)

Jumapili mchana, baada ya ibada, uwanja wa kanisa ulikuwa umependeza kwa maturubai, viti vilivyovalishwa vitambaa, spika zinazokohoa, na nyuma tu ya jukwaa akina mama wa jikoni walikuwa na masufuria ya pilau na mabeseni ya kuoshea vyombo. Mgeni rasmi alikuwa mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi kutoka Boko, mtu mnene mpole. Fundi Sefu alikaa safu ya mwisho, kofia safi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Jukwaa lilisimama katikati limefunikwa zulia, na kwaya ilisimama pembeni yake, sare mpya za kitenge, kama watu wanaosubiri maji ya bahari yapoe ndio waingie.

"Kwaya ipande," akasema Mwalimu Mbwambo.

Hakuna aliyepanda. Sauti ya kwanza wakawatazama sauti ya pili. Besi wakatazama mbinguni.

Mwalimu akanitafuta kwa macho, akaninyooshea kipaza sauti. "Atu, njoo uwaambie wapendwa."

Nilikuja na kompyuta yangu, maana nilikuwa nimejiandaa. Niliwaza kwamba nikiwaonyesha ile video kwenye televisheni kubwa iliyokodishwa kwa ajili ya uzinduzi, kisha nikaurudisha ule ukuzaji mpaka moja, wataona kwa macho yao kwamba jukwaa halisogei. Wazo zuri. Gidi, mpiga kinanda wetu ambaye pia ndiye fundi mitambo, akachomeka waya. Jukwaa likatokea kwenye televisheni, kubwa kuliko mtu, nyekundu kuliko nilivyolikumbuka, likainama kushoto mbele ya waumini na wageni wote. Mtoto mmoja akalia.

"Msiogope," nikasema, na sauti yangu kwenye spika ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Hii nyekundu haina maana ya kuvunjika. Ni sehemu yenye mkazo mkubwa kuliko nyingine. Hata meza ukiiwekea kikombe cha chai, kuna mahali patakuwa pekundu."

Mgeni rasmi akaondoa kikombe chake mezani.

"Sasa naweka kipimo cha kweli, muone." Nikabonyeza. Kompyuta yangu, ambayo feni yake nimeitesa miaka miwili, ikaganda. Kila kitu kiliganda isipokuwa ile video. Jukwaa likaendelea, chini, juu, chini, juu. Nikabonyeza tena. Gidi akanong'ona, "Dada Atu, chomoa tu." Nikamwambia hapana, subiri, nataka waione ya kweli. (Hapo mnauona ugonjwa wangu ukiwa kazini, umevaa gauni jipya la rangi ya maziwa.) Nyuma mwanamume mmoja akasema, "Basi tuimbie majumbani kwetu," na watu wakacheka, na nikamwona Fundi Sefu akiinamisha kichwa na kuanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti kwa miguu, kama mtu anayetaka kuondoka bila kelele.

Nikachomoa waya. Nikavua viatu. Nikapanda jukwaa mwenyewe, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikasimama juu kabisa na kuruka. Nikaruka tena. Jukwaa halikutoa hata mlio.

"Wewe kilo ngapi?" akaita mama mmoja wa jikoni. "Fagio likiruka linavunja nini?"

"Ndiyo maana nawaomba mpande!" nikasema. "Kosa ni langu. Ile picha imekuzwa mara mia mbili na sikuwaambia. Jukwaa ni zima."

Nilipotamka "zima" nikamwona mama. Alikuwa ameshavua viatu. Akampa jirani yake mkoba, akapanda, akasimama mahali pake pa sauti ya pili na kuanza kuimba peke yake ile sehemu ya sauti ya pili, ambayo ikiimbwa peke yake (mtanisamehe) haina ladha yoyote, ni kama kuonja chumvi bila mboga. Lakini aliiimba kwa kifua chote. Akapanda mwenzake. Wakapanda wengine watatu. Gidi akaingiza kinanda. Mwishowe hata yule mzee wa "Bwana amesema nasi" akapanda akiwa amejishikilia kwenye suti ya mwenzake, na Mwalimu Mbwambo akainua mikono, na kwaya nzima ikaimba juu ya jukwaa la Fundi Sefu, na mie pamoja nao, nisiye mwanakwaya, ninayefungua mdomo bila sauti. Niliangalia safu ya mwisho. Fundi Sefu alikuwa amesimama. Alikuwa anainua macho.

Ingeishia hapo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Ikafika kiitikio, ule mwendo. Kushoto, kulia. Kushoto, kulia. Nikahisi kwenye nyayo kitu ambacho kompyuta haikuniambia. Kushoto tulikwenda vizuri, ila kulia hatukurudi kote. Tukaenda kushoto tena, na kulia tukarudi kidogo zaidi ya nusu. Nikawaza: hapana. Hesabu zangu ni sahihi. Nimezirudia. Na wakati mie nazitetea hesabu zangu moyoni, jukwaa zima, polepole, kwa heshima, bila mlio, likainama upande wa kushoto sawasawa kabisa na lilivyoinama kwenye televisheni.

"Unabii umetimia!" ikalia sauti kutoka jikoni.

Hakuna aliyeumia, tulimshukuru Mungu hapo hapo na tunaendelea kumshukuru. Besi waliwakalia sauti ya tatu, sauti ya tatu wakawakumbatia sauti ya pili, na mama yangu alishuka chini kwa hatua moja ndefu kama mtu anayeshuka kitandani. Mie nilikuwa mwisho wa ngazi ya juu, hakukuwa na mtu wa kunikalia, nikateleza kwenye zulia nikiwa nimekaa, nikapita kati ya vitambaa vya mapambo na kutua nyuma ya jukwaa, kwenye dimbwi. Maji yenye mafuta ya pilau. Gauni la rangi ya maziwa.

Na pale, nikiwa nimekaa kwenye dimbwi, nikauona mguu wa nyuma wa kushoto. Ulikuwa umezama ardhini kama mshumaa kwenye keki. Akina mama wa jikoni tangu asubuhi walikuwa wanamwaga maji ya vyombo pale pale, na udongo wetu ule mwekundu ukilowa unajua kazi yake. Nikakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kwenye kompyuta, kabla hujaweka mzigo, lazima uiambie kitu chako kimeshikiliwa wapi. Nilibonyeza miguu yote na kuchagua: imefungwa, haisogei. Nilikagua chuma mpaka unene wa kutu, lakini ardhi niliipita kwa kubonyeza mara moja.

Watu walikuwa wanapiga kelele, wengine wanasali, wengine wanacheka, simu zote juu. Ningeweza kutokea upande wa vyoo na kwenda nyumbani, na ninawaambieni ukweli, mwili ulikuwa umeshageukia huko. Badala yake nikawasha tochi ya simu, nikalala kifudifudi, na kutambaa chini ya jukwaa. Nikashika kiungo kimoja kimoja, nikipitisha kidole kwenye kila mchomeleo. Hakuna ufa. Hakuna bomba lililopinda. Nikatokea upande wa mbele, mbele ya meza ya mgeni rasmi, nikiwa na tope mpaka kwenye nyusi na punje ya wali kwenye nywele (niliambiwa baadaye), na nikaomba kipaza sauti.

"Chuma ni kizima," nikasema. "Kilichosogea ni udongo. Mguu mmoja umezama kwenye maji ya vyombo. Kosa ni langu tena, maana kwenye kompyuta niliiambia ardhi isisogee."

Kisha Fundi Sefu, kutoka kule nyuma, akiwa ameshaanza kuja mbele:

"Kwani ardhi inasikiaga?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na mie nikacheka, na yeye akacheka, safari hii kicheko chenyewe. Alipofika akachungulia ule mguu, akatikisa kichwa. "Hata mie nimeweka jukwaa hapa asubuhi sikuangalia chini. Nilikuwa naangalia watu wataliona vipi." Akakunja mikono ya shati lake la pasi. Tukaomba mbao. Kanisa linalojengwa halikosi vipande vya mbao, na tukaweka kipande kipana chini ya kila mguu, pale pakavu, mbali na mabeseni. Mie nikashika mbao, yeye akasukuma kwa mguu. Kwaya ikapanda tena, safari hii bila kubembelezwa, nadhani kwa sababu tayari walishaanguka na kuona kwamba inavumilika. Wakaimba nyimbo zote. Mgeni rasmi akarudisha kikombe chake mezani.

Kamati ya ujenzi ilikaa wiki iliyofuata. Sikualikwa. Nilikwenda. Nilikaa kwenye benchi la nje, na walipofungua mlango kupata hewa nikabisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Zile kurasa nne nilikuwa nimeziacha nyumbani kwa makusudi, na hakuna kitu kigumu zaidi nilichofanya mwaka ule. Nikasema sentensi tatu. Kwamba jukwaa la Fundi Sefu lilibeba kwaya nzima likiwa limeinama, na hakuna kiungo kilichoachia, na hilo nimelishika kwa mkono wangu. Kwamba hofu yote ilitokana na picha yangu niliyoitoa bila maelezo. Kwamba kama wanaogopa kenchi, waogope baada ya kuzipima, na mie nitazipima bure wakiniruhusu, kisha mhandisi wao azipitie. Mwalimu Mbwambo akauliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. Akasema, "Leo umetuwahi," na wakanifungia mlango.

Siku mbili baadaye ukaingia ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine ya kukatia chuma.

"Binti Atu, Fundi Sefu hapa. Wamenipa zile kenchi, Mungu mkubwa. Vipimo nakutumia sasa hivi, kagua. Picha kaa nazo mwenyewe. Mie nipe namba. Na uje uone ukuta zitakapokalia, uukanyage, usije ukaufunga kwenye kompyuta ukiwa nyumbani."

Nimezikagua. Moja nilimwambia aiongezee kiungo, akabisha, akaongeza. Mhandisi wa kamati alipozipitia hakuwa na la kuongeza. Paa liko juu sasa, na Jumapili watu wakiingia wanainua macho, na mie nawaangalia wao.

Sijaacha, na sitaacha. Ila nimeapa mambo mawili: picha yangu haitatoka tena nyumbani bila namba ya ukuzaji wake pembeni, hata kama maelezo hayajakaa vizuri, hata kama yana makosa ya tahajia, na sitaifunga tena miguu ya kitu chochote ardhini kabla sijaenda kuikanyaga ardhi hiyo kwa miguu yangu.

Na wale vijana wa bodaboda, wiki iliyopita nilisimama. Walikuwa wameshaanza kuinama.

"Mnakosea," nikawaambia. "Huo mwinamo umekuzwa mara mia mbili. Fanyeni wa kweli."

Wakatazamana. Kisha wakasimama wima, wote, mikono ubavuni, hawasogei hata kope, kimya kabisa, mpaka nilipofika kwenye kona.

"Dada Atu!" mmoja akaniita. "Umeuona ulivyo wa kweli? Tumeinama hapa mpaka kiuno kinauma!"